Daraja na Mkalimani: Historia ya Kuunganisha Mitandao ya Kompyuta Isiyofanana

Sisi watu wa fani ya lugha tumezoea kuihesabu tafsiri kuwa kazi ya wanadamu, yenye kuhusu vitabu, hotuba na mashauri ya mahakamani. Walakini, kwa muda wa miaka 20 hivi, tangu mwaka 1980, wahandisi wa kompyuta walikabiliwa na swali ambalo kila mfasiri analijua: je, yawezekana kuuchukua ujumbe uliotungwa kwa kanuni za upande mmoja na kuufikisha upande wa pili pasipo kupotea kitu? Swali hili lilizuka walipotaka kuunganisha mitandao ya maeneo madogo, yaani mitandao ya kompyuta za jengo moja au majengo jirani, ilhali mitandao yenyewe ilikuwa ya namna mbalimbali. Chombo walichokitumia walikiita daraja.

Katika makala haya nakusudia kueleza asili ya tofauti hizo, madaraja yalivyobuniwa, na taabu zilizowapata waliojaribu kuyapanga. Nitaonyesha kwamba daraja lilifaulu pale tu ambapo pande mbili zilikuwa zimekwisha kupatana juu ya jambo fulani kabla ya daraja kujengwa. Pale ambapo mapatano yalikoma, werevu wa daraja haukutosha kuziba pengo. Mwisho nitagusia maneno tunayoyatumia kwa Kiswahili katika mambo haya, kwa kuwa historia hii inatupa sababu ya kuyaangalia upya.

Asili ya tofauti

Ethernet ilizaliwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza wazo lake, kisha yeye na David Boggs wakalitimiza. Metcalfe alikuwa amejifunza mengi kutokana na mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, ambao Norman Abramson na wenzake waliuanzisha katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Kanuni ya Ethernet ni kama ya baraza lisilo na mwenyekiti. Kila mwenye neno husikiliza kwanza. Akikuta kimya, husema. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, wote hunyamaza, kila mmoja hungoja muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kwa pamoja maelezo ya Ethernet yenye mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde.

Upande wa pili palikuwa na mtandao wa pete. Katika mtandao huu kompyuta hupangwa katika duara, na fremu fupi huzunguka toka moja hata nyingine kama kijiti cha wakimbiaji wapokezanao. Asiye na kijiti hana ruhusa ya kusema. Utafiti mwingi juu ya jambo hili ulifanyika katika maabara ya IBM ya Zurich, na mwaka 1985 kampuni hiyo ilitangaza mtandao wake wa Token Ring wenye mwendo wa megabiti 4 kwa sekunde. Baadaye ukaongezwa hata kufikia 16. Sifa yake kubwa ni kwamba muda mrefu kabisa wa kungojea zamu uliweza kukadiriwa. Ethernet haikuweza kutoa ahadi hiyo, maana zamu zake zilitegemea bahati.

Mwezi wa Februari 1980, Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, IEEE, iliunda kamati iliyopewa namba 802 ili iweke kiwango sanifu cha mitandao ya namna hii. Waliotaka kiwango kimoja hawakukipata. Wenye Ethernet walishika lao, na wenye pete walishika lao. Na watu wa viwandani, wakiungwa mkono na General Motors, walitaka namna ya tatu, iliyopitisha kijiti juu ya kebo moja iliyonyoka. Kufikia mwaka 1985 viwango vilikuwa vitatu: 802.3 cha Ethernet, 802.4 cha kebo yenye kijiti, na 802.5 cha pete. Baadaye likaja pete la nyuzi za kioo, FDDI, lenye mwendo wa megabiti 100, lililotoka katika kamati nyingine.

Hata hivyo kamati haikuachana mikono mitupu. Wajumbe walipatana juu ya mambo mawili. La kwanza ni anwani: namna zote zingeweza kutumia anwani ya biti 48, yaani baiti 6, ambayo haifanani na ya kompyuta nyingine yoyote. La pili ni tabaka dogo la juu, lenye namba 802.2, ambalo lingekuwa lile lile kwa wote. Mambo haya mawili yalionekana madogo wakati ule, lakini bila hayo lisingekuwapo daraja hata moja kati ya mitandao hii.

Madhehebu mawili

Haja ya kwanza ya daraja haikutokana na tofauti za mitandao. Kebo ya Ethernet ya mwanzo haikuweza kupita mita 500 kwa kipande kimoja, na vipande vilivyounganishwa kwa vikuza sauti vya umeme navyo vilikuwa na kikomo chake. Tena kila aliyeongezwa katika kebo aliongeza makelele kwa wengine wote. Katika kampuni ya Digital, mhandisi Mark Kempf alibuni kifaa kilichokaa kati ya kebo mbili, kikasikiliza zote mbili, na kuvusha zile fremu tu zilizohitaji kuvuka. Kifaa hiki hakikuambiwa na mtu nani anakaa wapi. Kilijifunza chenyewe: kila kilipoiona fremu, kilitazama anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali kwamba huyu yuko upande huu. Kwa desturi, kumbukumbu ya mtu asiyesikika hufutwa baada ya dakika 5. Kompyuta zenyewe hazikujua kwamba daraja lipo.

Palikuwa na hatari moja. Madaraja mawili yakiunganisha kebo zile zile, fremu iliyokusudiwa watu wote huzunguka baina yao pasipo kikomo. Radia Perlman, ambaye naye alikuwa Digital, aliitatua shida hii katika makala aliyoyatoa mwaka 1985. Madaraja huzungumza yenyewe kwa yenyewe, huchagua moja kuwa shina, kisha kila moja hufunga njia zile zinazorudia njia nyingine, hata umbo linalobaki likawa la mti: toka tawi lolote hata jingine njia ni moja tu. Perlman aliufupisha utaratibu huo kwa shairi dogo, naye akaliweka katika makala yale yale ya kisayansi. Utaratibu wenyewe uliingizwa katika kiwango cha 802.1D mwaka 1990.

IBM ilishika njia nyingine kabisa. Kwa maoni yake, daraja lisihitaji kujua mengi. Mtumaji ndiye ajue njia. Kompyuta iliyotaka kusema na nyingine ya mbali ilituma kwanza fremu ya upelelezi. Kila daraja liliitia fremu hiyo alama yake: namba ya pete, yenye biti 12, na namba ya daraja, yenye biti 4. Mpokeaji aliirudisha fremu pamoja na orodha yote ya njia, na tangu hapo mtumaji aliiandika orodha hiyo katika kila fremu aliyoituma. Kuonyesha kwamba orodha ipo, walitumia biti ya kwanza ya anwani ya mtumaji. Biti hiyo katika anwani ya mpokeaji maana yake ni kundi la watu. Lakini mtumaji hawezi kuwa kundi, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi, nao wakaipa maana mpya.

Mwanafunzi wa lugha ataona kwamba ugomvi huu ulihusu zaidi ya ufundi. Uliuliza nani auchukue mzigo wa maarifa, msemaji au mkalimani. Kwa Digital, msemaji aliachwa aseme kwa raha zake na mkalimani akajifunza kimya kimya. Kwa IBM, msemaji alitakiwa kutaja kila kituo cha safari kabla ya kusema neno. Kila njia ilikuwa na gharama yake. Miti ya Digital iliacha kebo nzuri zikikaa bure kwa kufungwa; fremu za upelelezi za IBM, katika mtandao wenye pete nyingi na madaraja yenye kulingana, ziliongezeka kwa kuzaana hata zikaziba njia.

Kazi ya kutafsiri

Katika mashirika mengi pande hizi mbili zilikutana chini ya paa moja. Idara moja ilikuwa na kompyuta kubwa ya IBM na pete zake, nyingine ilikuwa na Ethernet. Njia iliyopendekezwa na wataalamu wengi ilikuwa kuweka ruta, ambayo huifungua fremu yote, hutoa ujumbe uliomo na kuufunga upya. Lakini itifaki kadha zilizotumika sana siku zile, kama SNA na NetBIOS za IBM na LAT ya Digital, hazikuundwa kupitia ruta za kawaida. Hizo zilihitaji daraja, na daraja lenyewe halikuwa na budi kutafsiri.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa bahasha. Fremu ya Ethernet ya asili ilikuwa na baiti 2 za kutaja aina ya itifaki; ya kiwango cha 802.3 ilitia urefu wa ujumbe mahali pale pale. Suluhisho lilikuwa la hesabu: tarakimu isiyozidi 1500 ni urefu, na inayofikia 1536 au zaidi ni aina. Pete halikuwa na nafasi hiyo kabisa, kwa hiyo daraja liliihamisha aina na kuitia ndani zaidi, katika nyongeza ya tabaka la 802.2. Hapa tafsiri ilikamilika, kwa kuwa kila upande ulikuwa na mahali pa kuliweka neno la mwenziwe.

Ugumu wa pili ulikuwa wa mwelekeo wa kuandika. Ethernet huituma kila baiti ikianzia biti ndogo. Token Ring na FDDI huanzia biti kubwa. Walioafikiana juu ya anwani walitaka biti zake zipite wayani kwa mfuatano mmoja kote, basi matokeo yakawa kwamba anwani ile ile, ikisomwa katika kumbukumbu ya kompyuta, huonekana kwa sura mbili. Baiti iliyo 01000000 katika pete huwa 00000010 katika Ethernet. Wahandisi wa siku hizo waliijua sana alama hii, maana anwani zilizotungwa na wenyeji wa pete zilianza kwa 40, na upande wa pili zikasomwa 02.

Kugeuza anwani za juu ya bahasha kulikuwa rahisi. Taabu ilikuwa anwani zilizoandikwa ndani ya barua yenyewe. Itifaki ya ARP, iliyoelezwa na David Plummer mwaka 1982, kazi yake ni kuuliza nani mwenye anwani fulani ya intaneti, na jibu hubeba anwani ya biti 48 ndani ya ujumbe. Daraja lililogeuza bahasha na kuiacha barua lilimpa mwulizaji anwani iliyopinduka, naye akatuma ujumbe wake kwa mtu asiyekuwapo. Waliopata kuhamisha miswada yetu ya kale toka hati ya Kiarabu kuingia hati ya Kirumi wanalijua jambo hili: maneno huandikwa toka kulia, lakini tarakimu za mwaka zilizo katikati yake husomwa toka kushoto. Anayegeuza kila kitu, na asiyegeuza chochote, wote hukosea. Hapana budi kujua kipi ni neno na kipi ni tarakimu. Ndivyo ilivyolipasa daraja kuelewa maudhui, kazi ambayo halikuundwa kuifanya. Madaraja mengine yalifundishwa kuichungulia ARP na kuisahihisha. Kwa itifaki nyingine zenye anwani ndani yake, kila moja ilihitaji mafunzo yake.

Ugumu wa tatu ulikuwa wa ukubwa. Ethernet hubeba baiti 1500 za ujumbe kwa fremu moja. Pete la megabiti 4 lilibeba karibu 4500, na la megabiti 16 karibu 18000. Daraja halina mamlaka ya kuukata ujumbe vipande. Fremu iliyozidi kipimo hutupwa, wala mtumaji haarifiwi. Fremu za upelelezi za IBM zilikuwa na dawa kwa kiasi fulani, kwani zilibeba kipimo cha fremu kubwa iwezayo kupita, na kila daraja lilikipunguza kipimo hicho kama njia yake ilikuwa nyembamba. Lakini dawa hiyo ilimfaa yule tu aliyesoma kipimo na kukifuata. Wengine walipata ugonjwa wa ajabu: salamu fupi zilifika vizuri, na faili kubwa hazikufika kamwe.

Ugumu wa nne ulikuwa wa maana isiyo na mfano upande wa pili. Katika Token Ring fremu huzunguka na kumrudia mtumaji, ikiwa na biti mwishoni zinazosema kwamba anwani imetambuliwa na ujumbe umenakiliwa. Ethernet haina kitu kama hicho. Daraja likiziwasha biti hizo, linatoa ushahidi wa jambo ambalo halijaliona. Lisipoziwasha, mtumaji huweza kudhani kwamba mpokeaji hayupo. Kadhalika pete lilikuwa na daraja 8 za heshima kwa fremu, nazo zilifutika kila zilipoingia katika Ethernet. Hapakuwa na neno la kuzitafsiri hata mwaka 1998, kiwango cha 802.1Q kilipoipa fremu ya Ethernet biti 3 kwa kazi hiyo.

Wako waliojaribu kukwepa tafsiri. Madaraja ya mwanzo ya FDDI yaliichukua fremu nzima ya Ethernet na kuifunga ndani ya fremu ya FDDI kama ilivyo, mfano wa mwandishi anayenukuu maneno ya kigeni bila kuyafasiri. Fremu ilivuka salama na kufunguliwa upande wa pili. Lakini ilifunguliwa tu na daraja la mtengenezaji yule yule, na kompyuta zilizokaa juu ya FDDI yenyewe hazikuweza kuisoma.

Kupanga daraja

Mpangaji wa daraja baina ya pete na Ethernet alikuwa na mambo kadha ya kuyaamua kwa mkono wake. Kila pete lilipewa namba, na madaraja yote yaliyoligusa pete moja yalipaswa kulitaja kwa namba ile ile. Daraja moja likikosea, njia zilizopita hapo zilivurugika. Halafu Ethernet nayo ilipaswa kupewa namba ya pete, ingawa si pete. Hii ndiyo siri ya daraja la namna hii: kwa wenyeji wa pete, Ethernet yote ilionekana kuwa pete moja zaidi, na kwa wenyeji wa Ethernet, mapete yote yalionekana kuwa kebo moja iliyo nyuma ya daraja. Daraja lilihifadhi orodha za njia kwa niaba ya wenyeji wa Ethernet wasiojua kitu juu ya njia, na kuziondoa fremu zilipovuka kuja kwao.

Tena mpangaji aliangalia asiweke madaraja mawili sambamba bila kuhakikisha kwamba moja limefungwa, maana taratibu za kukinga mizunguko hazikuwa sawa pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madhehebu mawili yalipatanishwa kwa daraja lililokubali namna zote: fremu yenye orodha ya njia ilivushwa kwa orodha, na isiyo nayo ilivushwa kwa jedwali. Yafaa kuangalia kwamba daraja hilo lilisikia lugha mbili lakini halikumfasiria mmoja maneno ya mwingine.

Jinsi mashindano yalivyokwisha

Mashindano hayakuamuliwa na ubora wa kanuni za kusema. Mwaka 1990 kiwango kipya kiliiwezesha Ethernet kupita katika waya mwembamba wa mfano wa waya wa simu. Mwaka huo huo kampuni ya Kalpana ilitoa kifaa chenye milango 7 kilichovusha fremu nyingi kwa mara moja. Na mwaka 1995 mwendo ulifika megabiti 100. Vifaa vya Ethernet vilikuwa bei nafuu, na watengenezaji wake walikuwa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Token Ring na FDDI zilikuwa zimeachwa na wanunuzi karibu wote wapya.

Lakini tutazame ni nini hasa kilichoshinda. Kebo ya pamoja imetoweka. Kanuni ya kusikiliza na kunyamaza wawili wanapogongana haina kazi tena pale ambapo kila kompyuta ina mlango wake. Kilichobaki cha Ethernet ni sura ya fremu na anwani ya biti 48, yaani namna ya kuandika, na madaraja yaliyo kati. Redio nazo zimefuata njia hiyo. Kiwango cha 802.11, kilichotoka mwaka 1997, kina fremu yake ambayo si ya Ethernet, na kila kituo cha redio kilichofungwa ukutani ni daraja la kutafsiri baina ya hewa na waya. Anwani zake ni zile zile za biti 48, na nyongeza ya tabaka la 802.2 iliyowahi kuibeba aina ya itifaki katika pete huibeba sasa katika redio. Mipaka ya tafsiri nayo ingalipo: fremu ya kawaida ya redio ina anwani 3 zenye kazi, kwa hiyo kompyuta iliyojiunga na kituo kwa redio haiwezi kwa urahisi kuwa daraja la wengine walio nyuma yake, maana hapana nafasi ya kuyaandika majina yao. Anwani ya 4 huhitajika, na pande zote mbili sharti zikubali kuitumia.

Neno daraja katika Kiswahili

Nimesema kifaa cha Kalpana kilikuwa na milango 7. Kwa kazi yake kilikuwa daraja, lakini kiliuzwa kwa jina jingine, nasi tumelipokea jina hilo kwa kusema swichi. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili huambiwa kwamba daraja ni kifaa cha kale na swichi ni kifaa cha sasa, akadhani kwamba ni vitu viwili vyenye asili mbalimbali. Jina la biashara limeikata historia vipande viwili. Tena neno swichi kwetu lina maana yake ya zamani, ya kidude cha kuwashia na kuzimia taa, ambacho hakina jedwali wala hakijifunzi kitu.

Sipendekezi kwamba swichi iondolewe. Neno limekwisha kuenea, na mwenye duka hatatungoja sisi. Napendekeza kwamba kamusi zetu za istilahi ziieleze swichi kuwa ni daraja lenye milango mingi, na kituo cha redio kuwa ni daraja baina ya redio na waya, ili udugu wa vifaa hivi uonekane katika maelezo yenyewe. Vilevile yafaa tutenge maneno matatu yanayochanganywa mara kwa mara: daraja kwa kivushacho fremu, ruta kwa kichaguacho njia baada ya kuifungua fremu, na lango kwa kibadilishacho itifaki yenyewe. Wataalamu wenye maoni tofauti wataifaa kazi hii wakiyatoa mapema, kabla kila chuo hakijatoka na orodha yake. Kwa maana orodha zikishakuwa tatu, itabidi mtu wa nne aketi kati yao na kutafsiri.